Jinsi ya kuomba udaktari UDOM: kuanzia namba ya mtihani hadi kuripoti chuoni

Zamani mtoto wa Kondoa, Mpwapwa au Manyoni aliyetaka kusomea udaktari alifungasha akaenda mbali: Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963, au KCMC kule Moshi, au Bugando. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kwenye vilima vya Chimwaga. Oktoba 2015 ikafunguliwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, humohumo katika eneo la chuo, na kufikia 2018 ilikuwa imeshapandikiza figo kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Japani. Hospitali hiyo ndiyo darasa la pili la wanafunzi wa udaktari wa UDOM.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana hunijia na simu mkononi wakiuliza waanzie wapi. Nawaambia waanze na vyeti.

Sifa. Kwa aliyetoka kidato cha sita, lazima awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu, kwa kiwango cha A hadi E. S, iliyo chini ya E, haihesabiwi. Juu ya hapo kuna pointi na alama za chini kwa kila somo. Zisome kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, cha mwaka huohuo unaoomba, usitegemee cha kaka yako. Kwa mwenye stashahada ya utabibu, yaani tabibu wa kliniki, inatakiwa GPA, yaani wastani wa alama za chuo, isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza. Huyu aombe kwanza namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi. Nimeona matabibu wazuri, wenye miaka ya kazi zahanati, wakikwama hapo tu kwa kuchelewa.

Majina. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA visome jina lilelile. Kama kimoja kinasema Mohamed na kingine Muhamed, shughulikia sasa, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Maombi yenyewe. TCU haipokei maombi ya vijana. Unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa udahili wa chuo, mtandaoni. Unafungua akaunti kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, mfumo unakupa kontroo namba, unalipia ada ya maombi kwa simu au benki, kisha unajaza kozi. Udaktari wa Tiba, MD, uweke wa kwanza kama ndio unaoutaka kweli. Nafasi zake ni chache na wenye alama nzuri ni wengi, hivyo chaguo zinazofuata zisiwe za kujaza nafasi tu: uuguzi, kwa mfano, nao hufundishwa palepale.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Weka namba ya simu YAKO. Mwanafunzi wangu mmoja alijaziwa fomu steshenari, na kijana wa pale akaweka namba yake mwenyewe ili mambo yaende haraka. Binti alichaguliwa vyuo viwili. Anayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa na TCU namba ya siri kwa ujumbe mfupi, kisha anaiingiza kwenye akaunti ya chuo anachokitaka ili kuthibitisha. Ujumbe uliingia kwenye simu ya mtu mwingine, na sisi tukagundua muda umeshapita. Nilikaa na mama yake siku ile na sikuwa na la kumwambia. Tangu hapo nawakalisha wanafunzi wangu mmojammoja, nawaambia wanionyeshe laini na nywila waliyoiandika kwenye daftari. Kama namba ya siri haijafika, ingia kwenye akaunti yako ya chuo uiombe tena siku hiyohiyo.

Mkopo. Usisubiri kuchaguliwa ndipo uombe. Bodi ya Mikopo ina mfumo wake na tarehe zake, na inataka namba ileile ya kidato cha nne uliyoombea chuo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo pia. Fomu ikishachapishwa hupita kwa mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo, ndipo unaipakia tena. Kwa anayetoka kijijini Chamwino au Ikungi hizo ni siku kadhaa za kuzunguka. Waliofaulu sana masomo ya sayansi wafuatilie pia Samia Skolashipu, ufadhili wa masomo wa serikali.

Kuripoti. Pakua maelekezo ya kujiunga, fomu ya afya ijazwe na daktari wa hospitali ya serikali, na ubebe vyeti halisi. MD ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani mafunzo kwa vitendo hospitalini.

Ukifika Dodoma mjini, mwambie konda kwamba unakwenda Ndaki (yaani koleji) ya Sayansi za Afya, karibu na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ukisema "UDOM" peke yake unaweza kushushwa ndaki nyingine kabisa, na kutoka moja hadi nyingine si mwendo wa kubeba sanduku.