Namna ya Kuisoma Riga kwa Miguu: Historia, Majengo na Utamaduni wa Mji Mkuu wa Latvia

Historia ya Riga imejipanga kama maduara. Kando ya mto Daugava uko mji wa kale wa wafanyabiashara. Unaouzunguka ni ukanda wa bustani na mfereji. Nje ya ukanda huo zipo barabara pana zenye majengo ya mwanzo wa karne ya 20. Na pembezoni zaidi, pamoja na ng'ambo ya mto, zipo nyumba za mbao za watu wa kipato cha chini. Anayetaka kuuelewa mji huu atembee kutoka ndani kwenda nje, kwa kufuata umri wake, wala asianze na zile nyumba zenye sura za mawe zinazojaza kadi za posta, kwa sababu akianza nazo ataziona ni mapambo matupu.

Mbele ya kila jengo jiulize maswali matatu: nani aliyeligharimia, nani aliyeruhusiwa kuingia, na ndani yake ilisemwa lugha gani. Maswali haya yanafaa Riga kuliko miji mingine mingi. Askofu Albert, aliyetoka Ujerumani, aliuasisi mji huu mwaka 1201, na mwaka 1282 ukaingia katika umoja wa miji ya biashara wa Hansa. Watawala walibadilika: mwaka 1581 ukawa chini ya Poland na Lithuania, mwaka 1621 ukatekwa na Uswidi, na mwaka 1710 ukachukuliwa na Urusi. Hata hivyo, katika mabadiliko hayo yote, baraza la mji na vyama vya biashara viliendelea kwa karne nyingi kuwa mikononi mwa Wajerumani, huku Walatvia, ambao ndio wenyeji wa nchi, wakiwa wakulima vijijini na wabeba mizigo bandarini. Swali la nani aliingia na nani alibaki nje ndilo linaloifungua Riga.

Anza katika kanisa kuu, ambalo wenyeji huliita Doms na ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1211. Kabla ya kutazama juu, tazama miguu yako: ili uingie unashuka ngazi, kwa sababu ardhi ya kandokando imeinuka kwa karne nyingi za vifusi na ujenzi. Ukuta wenyewe ni wa matofali mekundu, kwa kuwa katika nchi hizi tambarare za Baltiki mawe ya kuchonga yalikuwa adimu, na matofali yakawa lugha ya pamoja ya miji ya Hansa. Ndani kuna kinanda kikubwa kilichokamilika mwaka 1884 chenye filimbi 6,718. Ukipata nafasi ya kukisikiliza, hata katika onyesho fupi la mchana, usiiache ipite.

Kutoka hapo nenda mtaa wa Mazā Pils, penye nyumba tatu zilizobanana ziitwazo Ndugu Watatu. Nyumba namba 17 ndiyo kongwe kuliko zote, nayo ni ya mwishoni mwa karne ya 15. Iliyo katikati ilipata sura yake mwaka 1646. Simama ng'ambo ya barabara na uzilinganishe polepole. Katika ile kongwe ukuta wa juu unapanda kwa vidato hadi kileleni, na madirisha ni madogo. Mfanyabiashara aliishi na kufanya kazi chini, na bidhaa zikawekwa darini. Katika hizi za baadaye, madirisha yanapanuka na nafasi ya kuishi inaongezeka. Mtaa huu mfupi unakueleza jinsi nyumba ya mfanyabiashara ilivyobadilika polepole kutoka ghala kuwa makazi.

Melngalvju nams, yaani Nyumba ya Vichwa Vyeusi, katika uwanja wa ukumbi wa mji, inahitaji muda zaidi. Ilitajwa mara ya kwanza katika maandishi mwaka 1334, na baadaye ikawa makao ya chama cha wafanyabiashara vijana ambao walikuwa hawajaoa. Mlinzi wao wa kiroho alikuwa Mtakatifu Mauritius, ambaye sanaa ya Ulaya ya enzi hizo ilimchora kama askari Mwafrika, na kichwa chake ndicho kilichokuwa nembo ya chama. Msomaji wa Afrika Mashariki atakapokiona kichwa hicho katika nakshi za jengo, afahamu kwamba Mwafrika huyo aliheshimiwa kama mtakatifu katika mji ambao Walatvia wenyewe hawakukubaliwa katika vyama vyake vikubwa. Jambo jingine la kujua ni kwamba jengo unaloliona ni jipya. La awali liliharibiwa kwa mabomu mwaka 1941, magofu yake yakabomolewa na utawala wa Kisovieti mwaka 1948, na hili la sasa likajengwa kati ya mwaka 1995 na 1999. Wapo wanaolidharau kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu wanakosea, kwani uamuzi wa taifa wa kurudisha jengo lililofutwa makusudi nao ni historia, na unastahili kusomwa kama matofali ya karne ya 14.

Karibu na hapo panda mnara wa kanisa la Mtakatifu Petro, lililotajwa mara ya kwanza mwaka 1209. Mnara wake uliteketea mwaka 1941, na wa sasa, wenye mifupa ya chuma na lifti, una urefu wa zaidi ya mita 123. Ukiwa kwenye roshani ya juu utayaona maduara yote kwa mara moja, na ndiyo maana ni vizuri kupanda mapema, kabla ya kuvuka mfereji.

Ukanda wa bustani ulizaliwa na uamuzi mmoja. Hadi katikati ya karne ya 19 Riga ilikuwa ngome, na majengo ya nje ya kuta yalitakiwa kuwa ya mbao ili yaweze kuchomwa haraka adui akikaribia. Mwaka 1812 vitongoji hivyo vilichomwa kweli kwa hofu ya jeshi la Napoleon. Kati ya mwaka 1857 na 1863 ngome ikabomolewa, handaki lake la maji likawa mfereji wa kupendeza, na mji ukapata mahali pa kupumulia.

Katika ukanda huo imesimama Nguzo ya Uhuru, yenye urefu wa mita 42, iliyozinduliwa mwaka 1935 kwa michango ya wananchi na kupambwa kwa sanamu za Kārlis Zāle. Mwanamke aliye kileleni ameinua nyota tatu zinazowakilisha majimbo ya Vidzeme, Kurzeme na Latgale. Mahali hapo hapo, chini ya utawala wa Urusi, palikuwa na sanamu ya Mfalme Petro akiwa juu ya farasi. Zunguka nguzo yote, kwa sababu sanamu za chini, zinazoonyesha kazi, familia na mapambano, ndizo zenye maelezo mengi zaidi. Enzi za Kisovieti, kuweka maua hapa kulikuwa kosa la kisiasa. Tarehe 14 Juni 1987 watu waliyaweka hadharani kuwakumbuka waliopelekwa uhamishoni mwaka 1941, na tarehe 23 Agosti 1989 mnyororo wa watu walioshikana mikono kutoka Tallinn hadi Vilnius ulipitia Riga. Ukikuta maua hapo leo, usiyasogeze ili upate picha nzuri.

Sasa ndipo ufike mtaa wa Alberta na wa Elizabetes, kwenye majengo ya Art Nouveau, mtindo wa mwanzo wa karne ya 20 uliopenda nakshi nyingi, ambayo ni takribani theluthi moja ya majengo ya katikati ya mji. Wingi huo una sababu: kuta zilikuwa zimeondoka, viwanda na bandari vilivuta watu, na kufikia mwaka 1913 Riga ilikuwa na wakazi zaidi ya 500,000, ambao walihitaji nyumba za kupanga kwa haraka. Beba darubini ndogo, maana nakshi bora ziko juu. Katika nyumba ya Elizabetes 10b, iliyosanifiwa na mhandisi Mikhail Eisenstein, nyuso mbili kubwa zinatazama pande tofauti juu ya paa. Katika Alberta 2a, ukuta wa mbele umepandishwa juu kuliko paa lenyewe, na ukiyaangalia madirisha ya safu ya mwisho utaona anga likipita ndani yake, kwa sababu nyuma yake hakuna chumba chochote.

Wageni wengi huishia kwa Eisenstein. Usifanye hivyo. Vuka uende Alberta 11, kazi ya Eižens Laube ya mwaka 1908, uone mapaa yenye mwinuko mkali, kuta zisizo na sanamu nyingi, na nakshi zilizotokana na ufundi wa vijijini. Huo ni mkondo wa kitaifa wa mtindo uleule, uliositawishwa na wasanifu Walatvia waliokuwa wameanza kupata elimu, fedha na wateja wa kwao. Jibu la yale maswali matatu limebadilika: mjukuu wa mkulima sasa anachora nyumba za mjini. Kisha ingia Alberta 12, jengo la mwaka 1903 la Konstantīns Pēkšēns, penye jumba la makumbusho linaloonyesha jinsi familia ya tabaka la kati ilivyoishi. Hata ukikosa muda wa vyumba, simama chini ya ngazi zake za mzunguko na utazame juu.

Tenga asubuhi moja kwa Soko Kuu, lililofunguliwa mwaka 1930. Mabanda yake matano yalijengwa kwa kutumia sehemu za mabanda ya ndege za puto za Zeppelin, yaliyoachwa na jeshi la Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Nenda kwenye banda la samaki, penye samaki wa kukaushwa kwa moshi, kisha tafuta mkate mweusi wa rai na kabichi iliyochachushwa. Malipo ni kwa euro, iliyoanza kutumika Latvia mwaka 2014.

Kuna sehemu ambazo hazipendezi, nazo ni lazima. Magofu ya Sinagogi Kuu, lililochomwa tarehe 4 Julai 1941, yamehifadhiwa karibu na soko. Katika msitu wa Rumbula, ndani ya mji, Wayahudi wapatao 25,000 waliuawa na Wanazi na washirika wao tarehe 30 Novemba na 8 Desemba 1941. Na katika jengo la kona kwenye barabara ya Brīvības, namba 61, shirika la usalama la Kisovieti liliwafunga na kuwatesa raia. Nenda bila haraka na bila kuzipanga safari hizi kati ya mlo na manunuzi.

Utamaduni wa Walatvia haukuanzia kwenye mawe. Kwa karne zile walizokaa nje ya kuta, walihifadhi mambo yao katika daina, nyimbo fupi ambazo kwa kawaida zina mistari minne. Krišjānis Barons alizikusanya na kuzipanga, akachapisha zaidi ya 200,000, na kabati lake la droo sasa limo katika Maktaba ya Taifa, jengo lililosanifiwa na Gunnar Birkerts ng'ambo ya Daugava. Tarehe 18 Januari 2014 maelfu ya watu walisimama katika baridi kali wakipokezana vitabu mkono kwa mkono kutoka maktaba ya zamani hadi hii mpya.

Nyimbo hizo unaweza kuzisikia zikiimbwa. Tamasha kuu la nyimbo na ngoma, lililoanza mwaka 1873, hufanyika kila baada ya miaka 5, na mwaka 2023 lilifanyika tena. Kilele chake ni katika uwanja wa wazi wa Mežaparks, ambako maelfu ya wanakwaya huimba pamoja. Panga malazi mapema sana. Ukienda wakati wa sikukuu ya Jāņi, tarehe 23 na 24 Juni, fahamu kwamba wenyeji wengi huhamia vijijini kuwasha mioto na kukesha, na maduka mengi ya Riga hufungwa. Siku hizo tafuta mwenyeji wa kukualika shambani kwao, kisha urudi mjini sikukuu ikiisha.