Seti ya Pili ya Magurudumu kwa Siku za Uwanjani: Anza na Tairi, si Rimu

Sisi wa Mombasa tunaopenda kukimbiza gari uwanjani tuna jambo ambalo wenzetu wa Nairobi hawalibebi. Kabla ya mzunguko wa kwanza tushaendesha karibu kilomita 480 hadi uwanja wa Nairobi, na jioni zatungoja nyingine 480. Tairi ulilolichoma kwenye kona mchana kutwa ndilo hilo hilo litakalokuteremsha pwani usiku, mvua ikinyesha na malori yamejipanga Mtito Andei. Mimi siwezi kulikubali hilo. Ndiyo maana nina seti mbili, ya barabarani na ya uwanjani, na hapa naeleza jinsi ya kuichagua hiyo ya pili. Gari langu ni Toyota 86, kwa hivyo vipimo vingi ni vyake, lakini hesabu ni ile ile kwa gari lolote.

Hatua ya 1: Tafuta tairi kwanza

Wengi huanza na rimu kwa sababu ndiyo inayovutia macho. Halafu wanakuja kugundua kwamba tairi la saizi hiyo ni la kuagiza, na likipasuka moja wamekwama. Zunguka madukani uulize ni saizi gani ya tairi la michezo inayopatikana wakati wote, nne kwa mpigo. Ukishaijua, ndipo utafute rimu ya kuibeba.

Saizi ya kiwandani ya 86 yangu ni 215/45R17. Kimo chake ni hivi: rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8, ongeza ubavu mara mbili (asilimia 45 ya upana, yaani 215), unapata kama 625. Tairi la 225/45R17 linafika 634, na la 245/40R17 linafika 628. Mimi hukubali tofauti isiyozidi asilimia 2. Zaidi ya hapo kipimamwendo kinadanganya na gia zinabadilika tabia.

Soma pia ubavuni. Namba iliyoandikwa kando ya TREADWEAR ikiwa karibu na 200, mpira ni laini na unashika. Ikipita 400 ni tairi la safari. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ni wiki na mwaka: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Joto letu huukausha mpira hata ukiwa dukani, kwa hivyo tairi lenye miaka mitano mimi silipeleki uwanjani, hata likiwa na kashata zote, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami.

Hatua ya 2: Matundu, habu na nati

Hapa ndipo nilipolipa ada. Rimu zangu za kwanza nilizinunua kwa muuzaji aliyeniambia, "Ami, gari lako Toyota, na hizi rimu za Toyota. Wataka nini tena?" Matundu yalikuwa matano kwa 100, yaani matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, sawasawa na yangu. Nikalipa.

Kumbe 86 ni Toyota kwa jina, lakini lilijengwa kwenye kiwanda cha Subaru huko Japani, na habu yake, kile kitovu cha gari kinachoingia katikati ya rimu, ni ya Subaru: milimita 56.1. Rimu nyingi za Toyota za matundu hayo zina tundu la kati la 54.1. Haziingii. Nati nazo ni tofauti: za Toyota ni M12 (unene wa milimita 12) zenye nyuzi zinazoachana milimita 1.5, za Subaru ni M12 zenye nyuzi za 1.25. Kijana wa gereji hakujua. Akazikaza kwa bunduki ya upepo, na stadi mbili, zile bolti za habu zinazoshika nati, zikakatika nyuzi. Siku ile sikwenda popote.

Kwa hivyo pima mwenyewe. Rimu ya matundu matano huwezi kuipima kwa kuvuka katikati, maana hakuna tundu linalotazamana na jingine. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake: ikiwa milimita 58.8, ni 100, ikiwa 67.2, ni 114.3. Chukua kalipa ya kupimia, usitumie macho.

Tundu la kati likiwa kubwa kuliko habu, kwa mfano 73.1, si neno. Utatia pete ya kuziba nafasi. Chagua pete ya alumini. Ile ya plastiki huyeyuka kwa joto la breki, na gurudumu lisilokaa katikati litakutetemesha usukani kwenye kila mwendo mkubwa.

Mwisho, tazama makalio ya nati, pale inapokaa kwenye rimu. Rimu nyingi za dukani zataka nati ya koni ya digrii 60. Honda za kiwandani zina nati za duara, na rimu nyingi za kiwandani za Toyota zina nati bapa zenye washa. Ukichanganya, nati inashika kwa ukingo tu, nayo italegea.

Hatua ya 3: Upana na ofseti

Ofseti ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokaa kwenye habu; ikipungua, rimu inatoka nje. Rimu yangu ya kiwandani ni inchi 17 kwa upana wa 7, ofseti 48. Tuseme umepata ya 17 kwa 8, ofseti 40. Inchi moja ya ziada ni milimita 25.4, inagawanyika 12.7 kila upande. Ofseti imepungua 8, kwa hivyo upande wa nje unatoka 12.7 jumlisha 8, yaani 20.7, upande wa ndani unaingia 12.7 toa 8, yaani 4.7. Sasa chukua rula, uchuchumae kando ya gari, uone kama nafasi hizo zipo kwenye bawa na kwenye shokomzoba.

Hatua ya 4: Kagua rimu ya mtumba

Ioshe kwanza. Ufa hujificha chini ya vumbi la breki, hasa ndani ya pipa (sehemu pana inayobeba tairi) na nyuma ya mikono ya rimu. Tafuta alama za JWL na VIA, ambazo ni alama za vipimo vya Kijapani. Kisha lipa fundi aizungushe kwenye mashine ya balansi bila tairi. Fundi wangu wa Shimanzi hahitaji hata kusoma skrini: "Yacheza hii. Irudishe." Rimu iliyochomelewa usiichukue kwa bei yoyote ile, hata ikiwa zawadi.

Uzito pima kwa mizani ya mizigo. Rimu nyepesi ni raha, lakini ikiwa huna uwezo wa ile ya kufuliwa, ya kumiminwa iliyo nzima ni bora kuliko nyepesi yenye historia usiyoijua.

Hatua ya 5: Jaribu nyumbani

Funga zote nne, shusha jeki, geuza usukani mpaka mwisho kila upande. Kati ya mikono ya rimu na kalipa ya breki nataka angalau milimita 3. Risasi za balansi za kubandika zifunike kwa utepe wa alumini, kwa kuwa gundi hulegea kwa moto. Sugua habu kwa brashi ya waya pia. Chumvi ya bahari huotesha kutu, na rimu ikigandia hapo utaipiga mateke hadi jua litue.

Hatua ya 6: Upepo na safari

Ukilaza viti vya nyuma vya 86, magurudumu manne yanaingia. Waliolibuni gari hili walilikusudia hilo.

Usiuamini upepo uliojaza Mombasa. Geji hulinganisha ndani ya tairi na hewa ya nje, na Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, hewa ya nje ni hafifu. Kwa hilo peke yake geji itaonyesha kama psi 2.6 zaidi. Baridi ya asubuhi nayo inapunguza karibu 2. Zinakaribia kufutana, lakini jua likipanda hesabu inaharibika. Pima uwanjani alfajiri, kisha pima tena kila unapotoka kwenye mzunguko matairi yakiwa moto, na utoe kilichozidi.

Kaza nati kwa nyota, ukiruka moja kila mara, kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza): kwa 86 ni nyutoni-mita 120. Rudia baada ya mzunguko wa kwanza, gurudumu likiwa limepoa. Jioni, ukisharudisha seti ya barabarani, usilale na furaha ya siku: nikifika Sultan Hamud mimi husimama, nikawasha tochi, nikazipitia nati zote ishirini tena.