Kulungu wamemaliza matembele? Soma hapa kabla hujapanda tena

Mwaka wa kwanza nimehamia hapa Maryland, Marekani, nilipanda matembele nyuma ya nyumba, tuta zima, na kunde pembeni, kila jioni natoka kuyaangalia. Asubuhi moja nafungua mlango nakuta vijiti vimesimama tu. Nikamshuku jirani, Mungu anisamehe, kumbe ni kulungu, hawa wenye mkia mweupe kwa chini wanaozagaa mpaka kwenye mitaa ya watu. Baadaye ndo nikaja kujua wawindaji wa Marekani wanapandaga kunde makusudi ili kuwavuta, yaani mimi nilikuwa nimewaandalia karamu bila kujua, na matembele, mchicha, majani ya bamia vyote wanavipenda, bustani ya Mswahili kwa kulungu ni hotelini.

Kwanza hakikisha kweli ni yeye, maana kuna sungura pia. Kulungu ni kama mbuzi, hana meno ya mbele ya juu, kwahiyo hakati, anang'ata na kuvuta, ukiangalia shina unakuta limechanika chanika. Sungura anakata safi kwa mshazari kama umepitisha wembe, halafu yeye anaishia chini chini, ukiona majani yameliwa usawa wa kifua chako au juu zaidi basi usisumbuke na sungura wa watu. Na angalia kwato kwenye udongo, alama mbili kama za mbuzi.

Sasa jambo ambalo wengi tunakosea ni kungoja waje ndo tuanze kuhangaika. Mwonja asali haonji mara moja, kulungu akishajua pale kuna kunde atarudi kila alfajiri na kila magharibi na ataleta na watoto. Kwahiyo fensi inasimama kabla mche haujaingia ardhini, huku kwetu matembele tunapanda mwezi wa 5 baridi ikishaisha, basi mwezi wa 4 uwe umeshachimbia nguzo.

Fensi yenyewe: kulungu anaruka futi 8, kwahiyo ukizungushia eneo kubwa fensi ya futi 4 umempa mazoezi tu. Ila usiogope hela bado, kuna siri hapa. Kulungu hapendi kurukia sehemu ndogo iliyobanana ambayo haoni atatua wapi wala atatokaje, kwahiyo bustani yako ikiwa ndogo, tuseme upana wa futi 8 au 10 na ndani kumejaa matuta na miti ya nyanya, fensi ya futi 5 au 6 mara nyingi inatosha. Mimi nilichofanya nilipiga nondo chini kila baada ya futi 6 hivi, nikavalisha paipu za plastiki juu yake ndo zikawa nguzo, nikafunga ile neti nyeusi ya plastiki kwa vile vikamba vya kukazia, nikafunga vitambaa vyeupe huku na huku ili waione, maana neti nyeusi usiku haionekani na kulungu akija mbio anaingia nayo mazima. Halafu chini, jamani chini! Watu wanaangalia urefu tu wanasahau kwamba kulungu anapenda kupita chini kuliko kuruka, akipata uwazi kidogo anapiga magoti anapenya, kwahiyo kaza neti na vigingi mpaka iguse udongo.

Kama eneo ni kubwa na futi 8 huiwezi, weka fensi mbili fupi za futi 4 au 5 zikiachana futi 4 hivi. Hawezi kupima vizuri umbali wa mbili kwa mpigo, anaghairi. Ya umeme ipo pia na inafanya kazi ila mimi nina watoto, na mitaa mingine hawaruhusu, hata urefu wa fensi ulizia kwanza kabla hujanunua vitu.

Kwa tuta moja moja usihangaike na yote hayo, kunja waya wa kuku uwe kama handaki juu ya mboga, basi.

Sasa hizi dawa za kienyeji. Mayai yanasaidia kweli, hata dawa nyingi za dukani ni mayai yaliyooza, unapiga matatu manne kwenye lita 4 za maji, unachuja vizuri la sivyo yanaziba pampu, unaacha siku moja yavunde unapulizia, mvua ikinyesha unarudia. Lakini pulizia maua na vichaka, mboga ya majani utakayokula usiiguse na mayai mabichi. Sabuni ya kuning'iniza inafukuza hapo hapo ilipo tu, ukisogea hatua mbili wanakula. Redio, sidii zinazong'aa, sanamu, wiki moja wameshazoea, mimi niliweka redio nikawakuta wamelala karibu yake aisee.

Nje ya fensi panda wasivyovipenda, vitunguu, vitunguu swaumu, rozmari, minti. Kulungu mwenye njaa sana atakula chochote, ila hivi anaviacha mwisho.

Mwenye miti ya matunda michanga, kuanzia mwisho wa mwezi wa 8 zungushia shina waya, madume yanakuja kusugua pembe na ganda lote linabanduka, mti unakufa hivi hivi. Na ukitoka bustanini jikague kupe, nyuma ya magoti, makwapani, kwenye nywele za watoto, wapo wadogo kama mbegu ya mchicha na wanaleta ugonjwa wa Lyme, ule wa bakteria unaoleta homa na maumivu ya viungo.

La mwisho geti. Fensi yangu imesimama miaka mitatu haijarukwa hata mara moja, ila kiangazi kilichopita mwanangu alifuata mpira akaacha geti wazi usiku mmoja tu, wakapita hapo hapo kama wageni waalikwa wakamaliza kunde zote. Sasa nimefunga springi, likiachwa linajifunga lenyewe.