Umepandikizwa mishipa ya moyo, umerudi Dodoma: namna ya kuilinda hatua kwa hatua

Mgonjwa akirudi kutoka Dar es Salaam baada ya upasuaji, wengi wakiwa wametibiwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, huingia kliniki akiwa na furaha: "Sista, nimepona." Nafurahi naye. Kisha namwomba apandishe suruali au gauni kidogo, anioneshe kovu la mguuni. Somo langu linaanzia kwenye kovu hilo.

Mshipa uliotolewa pale ulikuwa wa kurudisha damu moyoni taratibu, kwa msukumo mdogo. Sasa umeshonwa juu ya moyo na unapigwa na presha kubwa ambayo haukuumbiwa. Mishipa ya aina hiyo huchakaa. Ndani ya miaka 10, inayoziba inaweza kufika hata nusu. Mshipa uliochukuliwa ndani ya kifua huvumilia zaidi, mara nyingi bado uko wazi muda huo ukipita. Daktari wa upasuaji amekutengenezea njia ya mchepuko. Ugonjwa ulioziba njia ya kwanza bado uko mwilini, na utaifuata mpya usipouzuia.

Hatua ya 1: Nunua daftari

Daftari la shule linatosha. Ukurasa wa kwanza uache wazi, nitaurudia. Ukurasa wa pili andika malengo yako: presha chini ya 130/80, lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara, chini ya 1.8 mmol/L, na madaktari wengi sasa wanataka ishuke chini ya 1.4. Na kama una kisukari, kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi 3, kiwe chini ya asilimia 7. Daktari wako akikupa namba tofauti kwa sababu ya umri, figo au kizunguzungu, fuata yake.

Presha ipime nyumbani, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5, miguu ikanyage chini, mkono uegemee meza usawa wa moyo, na usizungumze. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, andika zote. Presha iliyopimwa duka la dawa wakati ndio kwanza umeshuka kwenye bodaboda haitusaidii kitu. Nimeona watu wakiongezewa dawa kwa namba kama hiyo.

Uzito pima asubuhi baada ya haja ndogo, kabla ya chai. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 hujanenepa: ni maji yanajikusanya. Njoo hospitali.

Hatua ya 2: Dawa, na ile moja usiyotakiwa kuigusa

Aspirini ya kipimo kidogo, miligramu 75 hadi 100, kwa wengi ni ya maisha. Usiiache hata ukitaka kung'oa jino, uliza kwanza. Dawa ya lehemu, mara nyingi atorvastatini ya miligramu 40 au 80, nayo ni hivyohivyo. Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: "Majibu ya lehemu yametoka mazuri, si niache sasa?" Yametoka mazuri kwa sababu unameza. Misuli ikiuma mwili mzima au mkojo ukiwa mweusi, njoo tukupime, tutabadilisha dozi au dawa. Vidonge vya kupunguza kasi ya mapigo ya moyo usivikatishe ghafla. Moyo unaweza kukimbia na maumivu ya kifua yakarudi.

Sasa diklofenaki. Mgongo ukiuma, goti likiuma, jirani anakwambia kameze diklofenaki, na dukani unapewa bila swali. Hiyo pamoja na ibuprofeni huongeza hatari ya shambulio la moyo, hupandisha presha na kuumiza figo. Kwako wewe uliyepandikizwa mishipa, haifai. Meza parasetamo. Ukifika duka la dawa, tamka kwa sauti: "Nimefanyiwa upasuaji wa moyo." Na mizizi au unga wa miti shamba unaoutumia, ulete kliniki tuuone. Hatutakugombeza.

Hatua ya 3: Jikoni

Hapa ndipo ninapokaa na mgonjwa muda mrefu kuliko kwingine kote, na namtaka anayepika awepo.

Mama mmoja kutoka vijiji vya Kongwa aliniapia kwamba mumewe hali chumvi tena, lakini presha haikushuka ng'o. Tukaanza kupitia mlo mmoja mmoja. Mlenda ulikuwa unapikwa mchana na usiku, na kila mara aliutia magadi. Magadi ni sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi, ila jina tofauti. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Sisi tulikuwa tunasema "punguza chumvi" na kuishia hapo, kana kwamba Mgogo anakula mlo wa kwenye bango la ukutani.

Mlenda wenyewe ni mboga nzuri sana, usiuache. Uwe mbichi au wa unga uliokaushwa, upike bila magadi kwa moto mdogo, uupe muda zaidi ulainike. Tia nyanya, kitunguu, na karanga zilizotwangwa zisizo na chumvi. Ladha utaikosa wiki mbili tatu za mwanzo, kisha ulimi unazoea.

Chumvi ya siku nzima kwa mtu mmoja isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Humo kuna ya mboga, ya mchuzi, na ile ya kuchovyea nyama choma. Viungo vya pakiti vya mchuzi vingi vimejaa chumvi. Tangawizi, vitunguu saumu, ndimu na pilipili vinafanya kazi hiyo vizuri.

Mafuta ya alizeti tunayo mengi hapa na Singida, na ni bora kuliko mafuta ya wanyama au ya mawese. Lakini yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Chipsi mayai na kitimoto cha kukaanga viondoke kwenye mazoea yako. Ugali wa uwele au mtama ni mzuri. Mwenye kisukari apunguze ukubwa wa bonge, mboga ichukue nusu ya sahani.

Kuhusu zabibu, maana wengi wamesikia kwamba "zinapigana na dawa ya moyo": tunda lenye shida na atorvastatini ni balungi, hasa likiliwa kwa wingi. Zabibu zetu hazina ugomvi huo. Zina sukari, kwa hiyo mwenye kisukari ale chache, kama kiganja kimoja. Mvinyo si dawa ya moyo. Kama hunywi, usianze kwa sababu hiyo.

Hatua ya 4: Kutembea, na kuulinda mfupa wa kidari

Mfupa wa kifua ulikatwa kati ukafungwa kwa waya. Kwa wiki 12 usinyanyue kitu kizito. Dumu la lita 5 liwe mwisho, na hilo si wiki za mwanzo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Jembe pia subiri, hata kama mvua za Desemba zimeanza na majirani wote wako shambani. Najua uchungu wa kuangalia shamba likipitwa na msimu; ombeni ndugu, lipeni kibarua. Ukikohoa, kumbatia mto kifuani. Bodaboda iache mpaka mfupa uunge.

Kutembea lakini anza mara moja. Dakika 5 hadi 10 mara mbili kwa siku, sehemu tambarare, ukiongeza kidogo kidogo hadi ufike dakika 30, siku 5 kwa wiki. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: uweze kuongea ukitembea, ila usiweze kuimba. Toka saa 12 asubuhi. Oktoba na Novemba jua la Dodoma ni kali, na mwenye dawa ya kukojoza maji anaishiwa nguvu haraka. Kilima cha Mlimwa kisubiri.

Hatua ya 5: Tumbaku

Sigara unaiacha leo. Ugoro nao ni tumbaku. Wazee wetu wengi hawauhesabu, tukiuliza "unavuta?" wanajibu hapana. Kwa hiyo siku hizi nauliza vyote viwili.

Hatua ya 6: Yale yasiyoulizwa

Wengi hulia bila sababu, hukosa usingizi, hukasirika na watoto. Hutokea sana baada ya upasuaji huu. Ikipita wiki mbili bila nafuu, sema kliniki. Mwenye sonona huacha dawa na huacha kutembea.

Tendo la ndoa: ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema sana wala maumivu, na mfupa umeunga, kwa wengi ni salama. Dawa za kuongeza nguvu za kiume usinunue mwenyewe. Zikikutana na kidonge cha maumivu ya kifua, kile cha kuweka chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka na kuua.

Hatua ya 7: Fanya hili usiku wa leo

Maumivu au mbano wa kifua usioachia ndani ya dakika chache, kuhema ukiwa umekaa, kuzimia, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kukwama: ni hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kupambazuke. Usaha kwenye kidonda, homa, au kifua kulia "ko-ko" ukigeuka kitandani: siku hiyohiyo.

Usiendeshe mwenyewe. Kaeni familia nzima mkubaliane ni gari la nani litakalowapeleka usiku wa manane, iwe Nkuhungu, Ipagala au kijijini. Nenda kazungumze na mwenye gari huyo leo, muulize kama simu yake huwashwa usiku. Namba yake, na ya mtu wa pili endapo wa kwanza amesafiri, ndizo za kuandika kwenye ule ukurasa wa kwanza wa daftari.