Jinsi ya kumjibu mtu anayeuliza nje ya ulimwengu kuna nini (na ulianzaje)

Hili swali huwa linakuja umeme ukikatika. Watu wako nje kwa baraza, mtoto anaangalia nyota alafu anauliza, eti mwalimu amesema ulimwengu unatanuka, sasa unatanukia wapi? Wakubwa wote kimya, mmoja anamwambia aende akalale. Usimfukuze bana, hilo swali linajibika, na ata mtu aliyeachana na fizikia S2 anaweza kulielewa ukimpeleka polepole.

Tafuta ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule mrefu wanafungia jerikeni kwa keria, uwe angalau wa mita moja. Tafuta chaki, rula, na mtu wa kukushikia upande wa pili. Usianze na maneno makubwa, anza na tyubu.

Laza ukanda chini bila kuuvuta, weka alama ya chaki kila sentimita 2, ziwe tano, uziite A, B, C, D na E. Sasa kila mtu ashike mwisho wake mvute taratibu mpaka kutoka A kwenda B ifike sentimita 3, mshikilie hapo hapo, mtoto apime mwenyewe. A mpaka C ilikuwa 4 imekuwa 6. A mpaka E ilikuwa 8 imekuwa 12. Kwa hiyo ukiwa umesimama A unaona B imesogea 1, C imesogea 2, na E imesogea 4, wakati ni mmoja, yaani iliyo mbali zaidi ndiyo imekimbia zaidi. Alafu mwambie ajifanye anakaa C. Atapima ataona B na D zimemkimbia 1 kila mmoja, A na E 2. Akihamia D ni vile vile, kila anayesimama anaona wengine wote wanamkimbia yeye, na hapo sasa kitovu cha huo ukanda kiko wapi? Hakipo. Hapo mwache akae na hilo kidogo, usimharakishe, ndiyo sehemu ngumu ya kazi yote.

Chukua kila alama kama galaksi, yaani kundi kubwa la nyota mabilioni, na hiyo hesabu ndiyo mwanaastronomia Mmarekani Edwin Hubble aliitoa 1929 akitumia darubini ya Mount Wilson kule California. Galaksi iliyo mbali mara mbili inaenda mbali nasi kwa spidi mara mbili. Lakini aliyeanza kupima spidi za galaksi ni Mmarekani mwenzake Vesto Slipher, tangu 1912, na kwa maoni yangu huyo anasahaulika sana. Siku hizi wanasema kila ukiongeza umbali wa miaka ya mwanga milioni 3.26 (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima), spidi inaongezeka karibu kilomita 70 kwa sekunde. Wanaopima kwa njia moja wanapata kama 67, wa njia nyingine 73, na huo ubishi haujaisha mpaka leo.

Mtoto mjanja atakushika hapa: lakini tyubu ina mwisho mbili! Kweli, hapo ndipo tyubu inatuangusha. Mwambie afikirie ukanda usio na mwisho huku wala kule. Bado unaweza kuvutika, nafasi kati ya alama inaongezeka, na hauhitaji kuomba uwanja wa jirani ndio upate pa kwenda. Ulimwengu haumiminiki kwenda mahali fulani patupu, ni umbali wenyewe kati ya galaksi ndio unakua. Tena ukiangalia vizuri, alama ya chaki nayo imepanuka, kwa galaksi haiko hivyo, nguvu ya mvutano (graviti) inaishikilia isitanuke, na Dunia pia, na mimi na wewe. Kwa hiyo Arua haisogei mbali na Kampala, ukiona safari imekuwa ndefu laumu barabara.

Sasa mwonyeshe galaksi kwa macho yake, maana bila hiyo anaona ni hadithi. Wakati mzuri kwetu Uganda ni mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, mvua imeanza kupungua, chagua usiku ambao mwezi haujatoka, kama saa mbili na nusu usiku. Ondokeni kwenye taa, kwa Kampala mjini utapoteza muda wako tu, lakini kijijini, au visiwani Ssese, au Karamoja huko, anga linakuwa jeusi vizuri. Zimeni simu zote, macho yanahitaji kama dakika 20 kuzoea giza na mtu mmoja akiwasha skrini mnaanza upya. Geukeni kaskazini. Juu sana, karibu na utosi, kuna nyota nne zimekaa kama mraba mkubwa. Chukua ile ya kona ya chini kulia. Kutoka hapo fuata mstari unaoshuka kulia, nyota ya kwanza iko hafifu kidogo, ya pili inang'aa, hiyo inaitwa Mirach. Ukifika Mirach badilisha mwelekeo, shuka kushoto kuelekea kaskazini, utapita nyota moja ndogo, endelea tena umbali kama huo huo, hapo utaona kidoa cha ukungu. Usikikazie macho, angalia pembeni yake kidogo ndio kinajitokeza. Ukiwa na darubini ya macho mawili ata ya bei rahisi inakuwa kazi ndogo.

Hiyo ni galaksi ya Andromeda. Mwanga unaouona umetoka kule miaka milioni 2.5 iliyopita, na mwanga unakimbia kilomita 300,000 kila sekunde, wa jua wenyewe unachukua dakika 8 tu kutufikia. Mtu akisoma mambo mengi atakukosoa kwamba Andromeda haitukimbii, inakuja kwetu karibu kilomita 110 kwa sekunde. Ni kweli, ni jirani yetu, mvutano kati yetu umeshinda kutanuka. Kutanuka kunaonekana ukienda mbali zaidi.

Ulianzaje? Legezeni tyubu. Alama zinarudi kukaribiana, na ukifanya hivyo kwa galaksi zote ukirudi nyuma miaka bilioni 13.8, kila kitu kinasongamana na joto linapanda kupita kiasi. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji na mwanahisabati, ndiye alipendekeza mwanzo wa namna hiyo, akaanza na kutanuka 1927 alafu 1931 akaja na wazo la chembe moja ya asili. Usimwambie mtoto lilikuwa bomu limelipuka mahali fulani angani, kwa sababu atakuuliza wapi, na jibu ni hapa, na kule, na kila mahali, kwani hata hapo ulipokaa palikuwa ndani yake. Katika dakika chache za kwanza ikatengenezwa haidrojeni na heliamu, kwa uzito kama robo tatu kwa robo moja. Baadaye, miaka 380,000 hivi, joto likashuka vya kutosha mwanga ukaweza kusafiri bila kugongana na kila kitu.

Huo mwanga bado upo, umepoa mpaka nyuzi 2.7 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, siku hizi unatufikia kama mawimbi ya redio. Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa 1964 kwa antena kule New Jersey bila kuutafuta, walidhani ni kelele ya mitambo, ata kinyesi cha njiwa kilichokuwa kwa antena walikisafisha, kelele ikabaki pale pale. 1978 wakapewa Nobel. Kama kwenu kuna TV ya kichogo imelala stoo, iwashe bila dikoda, weka antena, tafuta chaneli isiyo na stesheni. Katika zile chenga, kama asilimia moja inatoka huko mwanzoni kabisa. Watu wanapenda hii kuliko galaksi, mimi sishangai.

Basi nje kuna nini? Kwanza tenganisha vitu viwili, ulimwengu tunaouona na ulimwengu wote. Tunaouona unafika kama miaka ya mwanga bilioni 46 kila upande, si 13.8, kwa sababu mwanga ulipokuwa njiani kutanuka kuliendelea, vilivyoutuma vikazidi kwenda mbali. Hapo si ukuta, ni mpaka wa macho yetu tu. Mwenye kukaa kule ana mpaka wake, na sisi tuko pembezoni kwake. Kwa hiyo jibu la kwanza la nje kuna nini ni galaksi zingine kama hizi, na satelaiti ya Planck ya Ulaya ilipopima ule mwanga wa kwanza haikuona mkunjo wowote wa nafasi, yaani dalili kwamba nafasi inajipinda na kujirudia kama uso wa mpira, kwa hiyo ulimwengu wote ni mkubwa sana kuliko tunaouona na inawezekana hauna mwisho. Habari ya malimwengu mengine mengi inatokana na wazo la mwanafizikia Alan Guth la 1981, kwamba mwanzoni kabisa kutanuka kulikuwa kwa kasi ya ajabu, ni wazo zito lakini hayo malimwengu hakuna aliyeyapima, usimpe mtoto kama habari ya uhakika.

Akiuliza kabla ya hapo kulikuwa na nini, mwambie hesabu tulizonazo zinakatika kabla ya kufika sifuri. Na akiuliza kama tutakuja kuuona ule mwingine wote tukisubiri, hapana. Tangu 1998 inajulikana kutanuka kunaongeza kasi, galaksi iliyo zaidi ya kama miaka ya mwanga bilioni 16 kutoka hapa, mwanga itakaoutoa leo usiku hautatufikia kamwe, ata tukikaa tunangoja vipi.