Umempokea punda aliyeokolewa? Huruma ya pumba mwekee mbali

Punda aliyeshinda miaka akibeba mchanga na mawe ya ujenzi akikufikia amekonda, mgongo una kidonda pale shogi (tandiko la kubebea mizigo) ilipokuwa inamkwaruza, basi watu huruma inawashika wanammwagia ndoo nzima ya pumba na mahindi. Jamani msifanye hivyo! Tumbo lake ni la nyasi kavu na mabua, chakula kikavu cha siku ni karibu 1.5% ya uzito wake, yaani wa kilo 150 anahitaji kama kilo mbili na kitu, na ale kidogokidogo mchana kutwa. Nafaka nyingi ghafla ni msokoto wa tumbo na kwato kuuma. Maji safi yasikosekane.

Ila cha kuogopa kabisa ni akigoma kula. Punda ana roho ngumu, akiumwa hapigi kelele, anasimama tu kimya masikio chini na wewe unasema kapumzika, kumbe akikaa na njaa mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu, ini na figo zinafeli, siku chache tu kaenda. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, habari za tumwangalie kesho achana nazo. Watu wa Lamu walau wamezoea kumwita, The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, walifungua kituo pale tangu 1987.

Na mara nyingi kinachomfanya agome ni kuhamishwa au kutenganishwa na mwenzake. Wakija wawili walale pamoja, mmoja akifa mwache aliyebaki akae na maiti mpaka aondoke mwenyewe (najua inaonekana ajabu, lakini ukiwahi kuzika atazunguka akilia akimtafuta). Akiwa peke yake mtafutie punda mwingine, mbuzi ni afadhali tu.

Kidonda osha na maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, oili chafu ya gari hapana, na aulizwe daktari chanjo ya pepopunda. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 10, hasa kwenye mchanga laini maana haziliki zenyewe. Banda lenye paa ni lazima, manyoya yake hayazuii mvua.

Usiku funga zizi kwa kufuli, Umoja wa Afrika walipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi Februari 2024 lakini wezi hawakusoma hilo tangazo.