Jinsi ya kuinasa picha ya bahati ya nyeusi na nyeupe kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe

Nianze na picha yenyewe maana bila hiyo maelezo yote yataning'inia hewani. Mji Mkongwe, Zanzibar, kichochoro kimoja upande wa Sokomuhogo, saa sita kasoro mchana. Nimekaa barazani namsubiri muuza kahawa, nilishajua anapita pale na dele lake, lile birika la kahawa, unamsikia kabla hujamwona kwa vile anavigonganisha vikombe mkononi, na mbele yangu chini kuna kipande cha jua upana wake kama mkeka, kulia na kushoto giza. Mpango ulikuwa huyo mzee wa kahawa aingie kwenye lile jua nibonyeze, basi. Akaja kweli. Ila hatua mbili kabla hajalifikia upepo ukaichomoa kanga iliyoanikwa juu ghorofani, ikawa inashuka imejitandaza kama tanga, na mtoto wa kama miaka 9 akatoka mbio akaruka mikono juu aidake isije ikaingia topeni. Mzee kasimama, shingo juu, dele mkononi. Nikabonyeza mara tatu. Kwenye ya kwanza kanga bado iko mbali, kwenye ya tatu ishamfunika mtoto kichwa, ya pili ndiyo yenyewe: miguu imeacha ardhi, vidole vimebakisha kama inchi 2 kugusa kitambaa, na kivuli chake kiko peke yake chini katikati ya lile jua.

Watu wakiiona wanasema una bahati wewe. Kweli, kanga sikuichomoa mimi. Lakini kila kitu kingine kwenye ile picha kilikuwa kimeshakaa tayari dakika 40 kabla, na hicho ndicho nataka nikueleze hapa kwa sababu kinajifunzika kabisa, uwe na kamera kubwa au simu tu.

Anza na mahali, mtu atakuja mwenyewe. Wengi wanaoanza wanazunguka mji mzima kamera shingoni wakifukuzia matukio, na tukio ukilifukuzia utalikuta lishaisha, watu wanacheka wewe ndo kwanza unafungua kifuniko cha lenzi. Tafuta sehemu yenye mwanga mzuri, ukuta usio na fujo nyuma, na njia ambayo watu lazima wapite, halafu kaa. Nusu saa, saa nzima. Mimi ile kona nilikuwa nimeshaikalia siku nne bila kupata kitu cha maana, na sioni kama nilipoteza muda maana ndo nilivyojua jua linaingia kupitia wapi na linaondoka lini.

Na kuhusu jua, utasikia kila mahali wanasema usipige picha saa sita mchana. Kwa sura ya mtu uwanjani ni kweli, jua la kwetu linakaa utosini, macho yanaingia gizani chini ya kofia. Lakini vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba na nyumba zake ndefu, kwa hiyo asubuhi na jioni kote chini ni kivuli, jua linafika sakafuni mchana tu linaposhuka wima. Hapo ndipo unapata ule mkeka wa mwanga na giza pembeni, na kwa nyeusi na nyeupe huhitaji zaidi ya hapo. Unahama lakini, ukikaa robo saa utaona umeshapanda ukutani, basi na wewe sogea nao. Jioni nenda Forodhani, pale unatazama magharibi, vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani jua likiwa nyuma yao, wanatoka vivuli vyeusi tii.

Sasa kamera. Iwe imeshamaliza kufikiria kabla ya tukio, hili ndilo kosa linaloua picha nyingi, fokasi inatafuta huku na huku mtoto ameshatua chini. Toa fokasi ya otomatiki, yaani kamera isijitafutie yenyewe pa kuona vikali. Ukiwa na lenzi ya 35mm kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa sawa na filamu ya zamani ya 35mm), weka f/8, huo ndio upana wa tundu la lenzi, fokasi iweke mita 3, hapo kila kitu kuanzia kama mita 2 mpaka 7 kitakuwa kikali cha kutosha, kazi yako inabaki kuangalia tu na kubonyeza. Kwenye jua kali nenda na ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8, shata 1/2000, yaani mwanga unaingia sehemu moja tu ya 2000 ya sekunde. Ukihamia kivulini panda ISO 1600 na shata kama 1/400, mtu anayetembea atasimama vizuri, anayeruka atakuwa na ukungu kidogo miguuni na wakati mwingine unapendeza. Kwa simu, gusa skrini pale kwenye mwanga, shikilia mpaka ifunge fokasi na mwanga, halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole. Na ondoa ile mipangilio ya kamera kulala baada ya dakika moja, tafadhali.

Kwa nini ufunge mwanga? Kwa sababu kichochoro kina giza jingi, kamera ikiachiwa iamue yenyewe itaona pana giza mno, itanyanyua kila kitu, na kanzu ya mzee ikiingia kwenye jua inaungua inakuwa doa jeupe halina hata mkunjo. Ikishaungua hivyo hairudi. Pima pale kwenye jua, giza liache liwe giza. Buibui jeusi kivulini likipotea kidogo si kitu, lakini kanzu isiyo na mikunjo imeharibu picha.

Hapa nikae kidogo kwenye jambo ambalo mimi naona ndiyo roho ya haya mambo, mwanya. Kwenye picha ya rangi, mkono wa kahawia mbele ya kanga nyekundu unaonekana hata vikigusana, rangi inavitenganisha. Ukiondoa rangi vyote viwili vinakuwa kijivu, vinagandana, huoni tena mkono unaishia wapi. Kanga yenye nyekundu na kijani ambayo dukani inapiga kelele, kwenye nyeusi na nyeupe zile rangi mbili zinaweza kutoka kijivu kimoja kabisa. Kwa hiyo kinachokuokoa ni nafasi ya mwanga kati ya kitu na kitu. Zile inchi 2 kati ya vidole na kitambaa ndo picha nzima, kwenye fremu ya tatu vimeshagusana na hakuna kinachotokea tena. Kule Forodhani vilevile, vijana wawili wakiruka pamoja wakashikana kivuli wanakuwa mnyama mmoja wa miguu minne, subiri watengane ndo ubonyeze.

Henri Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa, ana ile picha ya 1932, Paris, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, mwanamume anaruka dimbwi na kisigino chake kiko nywele moja tu juu ya maji, na chini yake kivuli kinamngojea. Kulikuwa na uzio wa mbao, yeye alikuwa anachungulia na kamera yake kwenye mwanya wa mbao, tena mwanya wenyewe haukutosha lenzi vizuri ndo maana upande wa kushoto ilibidi ukatwe. Bahati tupu unaweza kusema. Lakini lenzi ilikuwa imeshakaa mwanyani, na lile dimbwi, ngazi iliyolala majini, mabango nyuma yenye mtu anayeruka, vyote vilikuwepo vinasubiri mtu. Na yeye mwenyewe alisukumwa na picha ya Martin Munkácsi, mpiga picha wa Hungaria, ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, wavulana watatu Waafrika uchi wanakimbilia mawimbi, inajulikana sana kwa jina la wavulana wa Ziwa Tanganyika. Itafute uiangalie taratibu, miili myeusi, povu jeupe, hakuna mkono uliopotea ndani ya mwili wa mwenzake. Mimi kila nikiiona nasisimka.

Ili jicho lizoee kuona hivyo, weka kamera ionyeshe nyeusi na nyeupe kwenye skrini lakini uhifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, rangi zote zinabaki ndani utazihitaji baadaye. Na kama huna kamera mkononi jizoeshe kwa kufinya macho, ukifinya, rangi zinafifia unabaki na mwanga na giza.

Wakati wenyewe ukifika bonyeza kabla hujawa na uhakika. Ukisubiri uone mtu yuko juu kabisa ndo ubonyeze, umechelewa, kidole kinachukua muda na simu nazo nyingi zinachelewa, anza pale goti linapokunjika. Mibonyezo mitatu minne inatosha, ukiachia mvua ya fremu 60 utakuwa unarekodi tu, hutazami tena. Na usichungulie skrini! Niliwahi kupata baiskeli inapita na mzigo wa mikate juu, nikainamisha kichwa kuangalia nimepataje, hapohapo mkate mmoja ukadondoka na paka akaudaka, nikauona kwa pembe ya jicho kamera ikiwa tumboni. Inaniuma mpaka leo. Tukio likiisha hesabu kumi moyoni kamera ikiwa bado jichoni, mara nyingi cha pili kinakuja nyuma ya cha kwanza.

Suala la watu. Pale ni mitaani kwa watu, nyumbani kwao, wewe ndo umeingia. Ukifika salimia, wazee shikamoo, kunywa kahawa, kaa uonekane, baada ya muda wanaacha kukutazama na ndipo mambo ya kweli yanapotokea mbele yako. Kuomba ruhusa kabla kunaua tukio, kwa hiyo omba baada, papo hapo, onyesha skrini, mtu akisema futa, futa mbele yake bila maneno. Mtoto, mtafute mkubwa wake. Mtu anayeswali muache na Mola wake. Akina mama wakigeuza uso hilo ni jibu tosha. Na bandarini, vituo vya polisi, kambi za jeshi, kamera ibaki mfukoni.

Ukirudi nyumbani usichague siku hiyohiyo, bado una joto la tukio, utapenda picha kwa sababu ulifurahi. Mimi naacha wiki. Halafu kubadilisha kuwa nyeusi na nyeupe usibonyeze ule mtindo mmoja wa programu ukaondoka, ingia kwenye rangi mojamoja. Kanga ya picha yangu ilikuwa nyekundu na jina lake kwa herufi nyeupe. Mara ya kwanza ilitoka kijivu, sawasawa na mikono ya mtoto. Nikaishusha nyekundu, kanga ikaingia weusi na herufi zikachomoza, halafu nikaipandisha rangi ya machungwa taratibu, ngozi ya mtoto ikapata mwanga wake. Taratibu kweli, maana ngozi yetu ina nyekundu na machungwa ndani yake, ukizidisha anakuwa kama kapakwa majivu. Ukitaka kujifunza ngozi nyeusi inavyotakiwa kukaa kwenye karatasi pita Capital Art Studio pale barabara ya Kenyatta, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, uzitazame zile picha za Zanzibar ya zamani kwa karibu.

Na ichapishe. Nilitoa nakala ya inchi 8 kwa 10 nikampelekea bibi yake yule mtoto, maana kanga kumbe ilikuwa ya kwake. Akaitoa kwenye bahasha, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akanyamaza. Nikadhani haijampendeza kwa vile haina rangi. Kidole chake kikawa kinafuata herufi mojamoja mpaka mwisho wa jina, akamwita mjukuu wake ndani, akamuuliza, "Siku ile uliniambia haikuanguka, eti?"